Jiwe Lina Maswali Matatu

Kahawa chungu ikishanywewa barazani, kinachobaki chini ya kikombe ndicho tunachokiita mashapo. Chembe nzito zimetangulia chini, unga mwembamba umelala juu yake, na mwenye kutikisa kikombe hana budi kungoja vitulie upya. Walioandika vitabu vyetu vya jiografia hawakuwa mbali na baraza hiyo walipochagua jina la miamba mashapo, yaani mawe yaliyotokana na vitu vilivyotua. Jina limekaa vizuri, ila lina kasoro moja: linaeleza sawasawa jamii moja tu ya mawe hayo. Chumvi inayobaki sufuriani maji yakikauka haikutua, imezaliwa pale pale. Na tumbawe nalo halikuzama hata siku moja. Lilijengwa na viumbe hai, likipanda juu kuifuata nuru.

Kwa nini tuhangaike na jina? Kwa sababu miamba hii inafunika takriban robo tatu ya nchi kavu, ingawa ni ngozi nyembamba tu: ukipima ganda lote la dunia kwa ujazo, haifiki hata sehemu moja katika kumi. Ndani ya ngozi hiyo mmejaa maji mengi ya visima, mawe ya saruji, gesi asilia, makaa ya mawe, magadi, na karibu visukuku vyote tunavyovijua. Shuleni tunafundishwa kuigawa mafungu matatu: iliyotokana na vipande vya miamba mingine, iliyotokana na kemikali, na iliyotokana na viumbe. Mwanafunzi anakariri, anapata alama zake, kisha anaokota jiwe ufukweni na kukwama. Lina vipande, lina viumbe, na kilichoviunganisha ni kemikali.

Mafungu yenyewe si ya uongo. Kosa ni kuyafanya masanduku matatu yaliyofungwa, ilhali ni jibu la swali moja tu kati ya matatu ambayo kila jiwe la mashapo linapaswa kuulizwa. Vitu vyake vilitoka wapi? Vilifikaje hapa? Na nini kilivishika vikawa jiwe? Mwenye kuuliza swali la kwanza peke yake atapata jina. Mwenye kuuliza yote matatu atapata historia, na mara nyingi atajua pia jiwe hilo lina faida gani. Mahali pazuri pa kulijaribu dai hili ni barabara kuu ya Mombasa kwenda Voi. Katika mwendo usiotimia kilomita 100 kutoka baharini, msafiri huvuka karibu aina zote kubwa za mashapo, na kila anavyozidi kuingia bara ndivyo anavyokanyaga miamba mikongwe zaidi.

Mwamba mmoja, mizigo mitatu

Tuanzie mwisho wa safari, kwani huko ndiko chembe zinakozaliwa. Ukishaipita Mackinnon Road kuelekea Voi, mashapo yanakwisha na unaingia nchi ya naisi, mwamba geu uliopikwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita chini ya milima ambayo haipo tena. Utazame kwa karibu: madoa meupe na ya waridi ni feldispa, vipande vinavyofanana na kioo chenye ukungu ni kwatsi, na vimulimuli vinavyong'aa juani ni ulanga.

Mvua inaponyesha huchukua hewa ukaa njiani na kuwa asidi dhaifu sana. Kwa siku moja haina lolote. Kwa miaka elfu nyingi inaumaliza mlima. Feldispa huoza na kugeuka mfinyanzi, na inapooza huachia sodiamu, potasiamu na kalisi ambazo huondoka na maji bila kuonekana. Kwatsi haijali, inabaki chembe kama ilivyokuwa. Mwaka 1938 Mmarekani Samuel Goldich alionyesha kwamba mpangilio huu haukuja kwa bahati: madini yaliyoganda kwenye joto kali zaidi ndiyo yanayowahi kuoza yakifika juu ya ardhi, na kwatsi, iliyoganda mwishoni, ndiyo inayodumu kuliko yote.

Kwa hiyo mwamba mmoja unaochakaa hutoa mizigo mitatu: kilichobaki, kilichogeuka na kilichoyeyuka. Kilichobaki ndicho mchanga. Kilichogeuka ndicho mfinyanzi. Kilichoyeyuka ndicho chumvi, chokaa na magadi ya kesho, baada ya kukauka au kunyang'anywa na viumbe wanaojenga magamba. Hapa ndipo mgawanyo wa shuleni ulipo na mzizi wake. Mawe ya vipande hutokana na mizigo miwili ya kwanza. Ya kemikali na ya viumbe hugawana mzigo wa tatu, na tofauti yao ni moja tu: nani aliutoa mzigo huo majini.

Safari na kipimo

Mzigo wa vipande husafirishwa na mito, upepo, barafu au uzito wa mteremko, na kila mchukuzi ana tabia yake. Mto wenye nguvu hubeba vyote, ukichoka hutua kikubwa kwanza. Barafu haichagui, hushusha jabali na unga mahali pamoja. Upepo hauwezi kokoto lakini hupanga mchanga kwa unadhifu kuliko wote. Ndiyo maana jambo la kwanza kupimwa katika mawe ya vipande ni ukubwa wa chembe. Ukubwa unamtaja mchukuzi.

Kipimo kinachotumika zaidi leo kilipangwa mwaka 1922 na Chester Wentworth, mwanajiolojia wa Marekani aliyeiboresha kazi ya Johan Udden. Chembe iliyozidi milimita 2 ni kokoto, na juu ya milimita 256 ni jabali. Kuanzia milimita 2 hadi moja ya kumi na sita ya milimita ni mchanga. Kutoka hapo hadi moja ya mia mbili hamsini na sita ni silti, ule unga unaoachwa na mafuriko mashambani. Chini ya hapo ni mfinyanzi. Milimita hizo hazina haja ya kukaririwa, kwani wachunguzi wa miamba wakiwa porini hutumia meno. Kipande kidogo cha jiwe la tope kikitafunwa, chenye silti husaga meno kama mchicha usiooshwa vizuri, na cha mfinyanzi mtupu huteleza kama siagi.

Baada ya ukubwa huja umbo. Kokoto zilizogandishwa zikiwa na pembe kali hazikusafiri mbali, na jiwe hilo huitwa breshia. Zikiwa mviringo zimesuguana njiani, na jiwe lake ni konglomerati. Baada ya umbo huja kilichomo, na hapa mchanga ndio wenye mengi ya kusema. Jiwe la mchanga lenye kwatsi karibu tupu limesafiri sana, au limerudiwa mara nyingi: mwamba mashapo uliovunjika, ukatoa mchanga, ukawa mwamba mashapo tena. Lenye feldispa kuanzia robo ya chembe zake huitwa akosi, na ni habari nyingine kabisa. Feldispa ni dhaifu. Ikionekana nzima ndani ya jiwe, basi mlima ilikotoka ulikuwa karibu, au nchi ilikuwa kavu, au chembe zilizikwa upesi kabla mvua haijazimaliza.

Sasa turudi barabarani. Taru, ile nyika kavu iliyokuwa ikiogopwa na misafara ya kwenda bara, imekaa juu ya akosi ya chembe nene. Kwenye miamba yake mna mashimo ya kushika maji ya mvua, ngurunga, yaliyowanywesha wapagazi kwa miaka mingi. Chembe hizo nene zenye feldispa zinasema kwamba naisi ya bara ilikuwa mlima jirani na mito ilishuka kwa kasi. Ukirudi kuelekea pwani unafika Maji ya Chumvi, na mwamba unabadilika kuwa silti na tope lililopasuka mabamba membamba, lenye visukuku vya samaki. Maji yalikuwa yametulia, maji ya ziwa. Mbele zaidi, Mariakani, mchanga unarudi ukiwa laini na umejaa ulanga. Kisha Mazeras mchanga unakuwa mnene tena, na ndani yake mna magogo ya miti yaliyogeuka jiwe, maana mito mikubwa ilipita ikibeba miti mizima.

Matabaka haya manne, Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras, yalilazwa kati ya miaka milioni 300 na 200 hivi iliyopita, katika bonde lililokuwa likididimia polepole ndani ya bara moja kubwa. Bahari ya Hindi haikuwapo. Upande wa pili wa bonde ilikuwa Madagaska.

Bamba la Mazeras

Mjenzi wa Nairobi au Mombasa anayetaka kuipamba baraza au ukuta wa mbele huagiza "mawe ya Mazeras", mabamba ya rangi ya mchanga na kahawia yanayolazwa bila kukatwa pembe mraba. Mtazame mchimbaji anavyoyatoa. Hatumii nguvu nyingi. Husimamisha kipande kwa ubavu, huutafuta kwa kidole mstari ambao mgeni hauoni, huweka patasi hapo na kugonga mara mbili tatu. Jiwe linaachana kama chapati iliyokunjwa kwa mafuta ya kutosha.

Mstari ule ni siku ambayo maji yalipungua nguvu. Mchanga ulipokoma kuja, vipande vyepesi vya ulanga, bapa kama magamba ya samaki, vilipata nafasi ya kushuka na kulala kifudifudi. Kisha mto ukapata nguvu tena na mchanga ukavifunika. Ulanga haushikani vizuri, hivyo pale ulipolala pamebaki udhaifu kwa zaidi ya miaka milioni 200 ukimngoja mwenye patasi. Pindua bamba utazame uso wake wa juu. Mara nyingine utakuta mawimbi madogo sambamba, yale yale unayoyakanyaga ufukweni maji yakitoka. Hakuna kipimo cha maabara kinachosema waziwazi kuliko hivyo kwamba hapa palikuwa na maji ya kina kifupi.

Lakini mchanga wa ufukweni hukuponyoka vidoleni, na bamba hili linabeba gari. Hapo ndipo linapokuja swali la tatu, la mshikaji.

Mashapo yaliyozikwa hupitia mambo mawili. La kwanza ni kugandamizwa. Tope jipya lina maji kuliko uchafu, na uzito wa matabaka ya juu huyakamua maji hayo mpaka vipande bapa vya mfinyanzi vinalala pamoja kama karata. Ndiyo sababu jiwe la tope hupasuka mabamba. Mchanga hauminyiki kiasi hicho. Chembe zake zinagusana tangu mwanzo na kuacha nafasi kati yao, hadi mbili ya tano ya ujazo wote. Nafasi hizo zinahitaji jambo la pili, gundi. Maji ya chini ya ardhi hupita humo yakiwa yamebeba silika, kalisaiti au chuma kilichoyeyuka, na kuacha utando juu ya kila chembe mpaka chembe zinashikana. Silika hutoa jiwe gumu kupita yote. Chuma huliacha jekundu. Kalisaiti unaigundua nyumbani: mwaga siki juu ya jiwe lililokwanguliwa, likitoa povu, ndiyo hiyo.

Mafundi wa pwani wamekuwa wakiifanya kazi hii kwa mikono yao kwa karne nyingi. Walipanga magogo, wakaweka mawe ya matumbawe juu, wakayachoma mpaka hewa ukaa ikatoka na kubaki chokaa kali. Waliimwagia maji, wakaichanganya na mchanga na kupaka ukutani. Ukuta ukivuta tena hewa ukaa kutoka hewani, chokaa hurudi kuwa kalisaiti na kuzishika chembe za mchanga. Lipu ya zamani ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Unguja ni jiwe la mchanga lililotengenezwa na binadamu. Tofauti na bamba la Mazeras ni muda, na nani aliyeleta gundi.

Jiwe linalovunja masanduku

Baada ya Mazeras, kuelekea Miritini na Changamwe, tope linarudi, lakini si la ziwa tena. Ndani yake mna amonaiti, jamaa wa pweza waliokuwa na magamba ya kuzunguka kama konokono. Hao ni wa bahari. Tuko katika kipindi cha Jura, Madagaska imeanza kung'oka na maji ya chumvi yameingia kwenye ufa. Chini ya tope hilo, katika ukanda mwembamba unaoelekea kaskazini, limo jiwe la chokaa la Kambe. Upande wa Tanzania kipindi hicho hicho kiliacha mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji yakawa mapango ya Amboni karibu na Tanga.

Mawe ya chokaa yaliwasumbua wapangaji kuliko mengine yote. Kwa muda mrefu yalitiwa katika fungu la kemikali, kisha la viumbe, na vyote viwili vina ukweli. Ila majina hayo hayakumsaidia mtu aliyetaka kujua jiwe lilizaliwa kwenye mawimbi au kwenye utulivu. Mwaka 1959 Robert Folk wa Texas alipendekeza yapangwe kwa aina ya chembe na kwa kilichojaa kati yake: vipande vya magamba, vidonge vya kinyesi cha wadudu wa baharini, vijiwe vya mviringo vilivyoviringishwa na mawimbi. Mwaka 1962 Robert Dunham, aliyekuwa mtafiti katika kampuni ya mafuta, akarahisisha mambo. Akauliza kuna tope la chokaa kati ya chembe? Chembe zinagusana, au zinaelea ndani ya tope? Au vitu hivi vilishikana vingali hai, kama matumbawe?

Urahisi huo una akili. Tope hukaa tu pale maji yalipotulia, hivyo jiwe la chembe tupu zinazogusana bila tope lilitengenezwa na mawimbi yaliyoosha kila kilicho laini. Jiwe la tope lenye chembe chache zinazoelea lilitengenezwa nyuma ya mwamba wa bahari, mahali pa shwari. Bila kujua, Dunham aliwaambia wenzake waache kuuliza jiwe hili ni la nini peke yake, waulize pia lilifikaje.

Sasa tumefika Mombasa kisiwani, na jiwe tulilolikimbilia toka mwanzo liko chini ya miguu. Kisiwa na sehemu kubwa ya ufuko wa Kenya vimekaa juu ya miamba ya matumbawe iliyokua yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kwa mita kadhaa kuliko leo. Ndilo jiwe lililojenga Fort Jesus kati ya 1593 na 1596, na ndugu zake walijenga misikiti ya Kilwa na nyumba za Unguja. Huko Bamburi jiwe hilo limekuwa likisagwa kuwa saruji tangu miaka ya 1950.

Simama mbele ya ukuta wa ngome hiyo, karibu kiasi cha kuugusa. Hapa kuna kichwa cha tumbawe, matundu yake yamepangika kama nta ya nyuki. Kimejengwa na viumbe, na kimebaki kama kilivyokua. Pembeni yake mna mchanga wa magamba yaliyopondwa na mawimbi, yakaburutwa, yakatua. Hivyo ni vipande. Na kati ya vipande kuna kitu cheupe kinachong'aa kidogo. Ni kalisaiti iliyoachwa na maji ya mvua, ambayo yaliyeyusha sehemu ya tumbawe juu na kuigandisha chini. Hiyo ni kemikali. Ngumi moja ya jiwe, mafungu matatu yote. Mwenye masanduku hana pa kuliweka. Mwenye maswali ameshalieleza.

Mafundi wa zamani nao walikuwa na mgawanyo wao, na haukuwa wa kubahatisha. Walichimba jiwe la nchi kavu, gumu na lenye vipande vya kila namna, kwa ajili ya kuta nene. Kwa kazi ya nakshi, kama mihrabu, miimo ya milango na zidaka, walikwenda kukata tumbawe lenye chembe sawa baharini likingali bichi, wakalichonga likiwa laini na kuliacha likauke na kuwa gumu. Jiwe la kwanza limekwisha kugandishwa na maji ya mvua, la pili bado. Walipanga mawe kwa hatua ya mgando wake, karne nyingi kabla ya Dunham.

Kinachobaki maji yakienda

Fungu la kemikali tupu halionekani kwenye barabara hii, lakini limekuwa likipita kando yake kwa zaidi ya miaka mia. Ni magadi yanayoshushwa kwa treni kutoka Ziwa Magadi, kusini mwa Nairobi, hadi bandari ya Mombasa.

Kanuni yake ni ya sufuria. Maji ya bahari yakifungwa juani, kama yanavyofungwa kwenye mabwawa ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, hayaachi vitu vyote kwa pamoja. Hutangulia kalisaiti kidogo. Yakibaki kama sehemu moja ya tano, jasi huanza kuganda. Yakibaki kama sehemu moja ya kumi, ndipo chumvi ya mezani inapotoka. Mpangilio huo huo unapoonekana kwenye matabaka ya kale, kalisaiti chini, jasi katikati, chumvi juu, tunajua kwamba ghuba fulani ilijifunga na kukauka.

Magadi hayafuati mpango huo, na sababu iko katika swali la kwanza. Maji yanayoingia ziwa hilo hupitia miamba ya volkano yenye sodiamu nyingi na kalisi haba. Kalisi kidogo iliyopo huondoka mapema, na kinachobaki ni sodiamu na kabonati. Ziwa halina pa kutokea, jua ni kali, na maji yakikauka hupatikana trona, ile ile inayolainisha maharagwe jikoni, iliyolala tabaka juu ya tabaka kwa makumi ya mita. Maji hayo yangepitia miamba mingine, ziwa lile lile lingeacha jasi. Kemikali haiepuki kuulizwa ilikotoka.

Ziwa hilo limeipa elimu ya miamba jina la kudumu. Mwaka 1967 Hans Eugster alieleza madini meupe laini ya sodiamu na silika aliyoyakuta katika mashapo yake na kuyaita magadiaiti. Maji yakiosha sodiamu yake, magadiaiti hugeuka jiwe gumegume. Kabla ya hapo gumegume katika tabaka za kale ilihusishwa zaidi na mifupa ya silika ya viumbe vidogo vya bahari kuu. Magadi ilionyesha njia nyingine, ya maziwa ya magadi yasiyo na viumbe hao. Tangu wakati huo anayekutana na gumegume hana budi kuuliza upya, na ile iliyotoka njia hii hutajwa duniani kote kwa jina la ziwa letu.

Wasio na fungu

Kila mpango una watoto wake wakaidi. Makaa ya mawe ni mmoja. Huko Ngaka na Kiwira, kusini mwa Tanzania, mito ya zama zile zile za mchanga wa Taru ilizungukwa na vinamasi. Mimea ilianguka kwenye maji yasiyo na oksijeni, haikuoza ikaisha, ikazikwa na kukamuliwa. Hakuna madini ya kutajwa ndani yake, na bado ni mwamba, kwa sababu yalitua, yakazikwa na yakagandamizwa.

Majivu ya volkano ni mkaidi mkubwa zaidi. Laetoli, katika nchi ya Ngorongoro, majivu yalianguka kutoka angani kiasi cha miaka milioni 3.66 iliyopita, mvua ikayalowesha, wanyama na viumbe wanaotembea kwa miguu miwili wakapita juu yake, na chumvi za majivu yenyewe zikayagandisha haraka kabla nyayo hazijafutika. Mary Leakey na wenzake walizifunua nyayo za hao wa miguu miwili mwaka 1978. Jiwe hilo ni la moto au la mashapo? Kwa swali la kwanza ni mtoto wa moto. Kwa la pili, lilianguka na kutua tabaka kwa tabaka kama mashapo mengine. Kwa la tatu, liligandishwa na maji na kemikali. Aliyelipa jina moja tu amepoteza theluthi mbili za habari, na nyayo zile zimo katika theluthi hizo mbili.

Jina la ukoo na jina la mtu

Basi mpango upi ni bora? Jibu linategemea anayeuliza. Mtafuta gesi anataka kujua nafasi kati ya chembe. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kufikishwa Dar es Salaam 2004, imekaa ndani ya mchanga uliozibwa juu na tope. Mchanga bila tope hushindwa kuitunza, tope bila mchanga halina pa kuiweka. Mwenye kiwanda cha saruji hajali mawimbi, anataka kalisi. Mtafuta visukuku anataka utulivu na maziko ya haraka. Kila mmoja anaanza na swali lake kati ya yale matatu, lakini hakuna anayefanikiwa kwa kuuliza moja tu.

Ndiyo maana wanajiolojia huyapa mawe majina mawili, kama watu. Kuna jina la aina, akosi au jiwe la chokaa, linalofaa popote duniani. Na kuna jina la tabaka, ambalo kwa desturi ni jina la mahali: Taru, Mariakani, Mazeras, Kambe. La kwanza linataja ukoo. La pili linamtaja mtu, na maisha yaliyomkuta mahali pamoja na kwa wakati mmoja.

Katika majina ya aina hiyo ya pili limo moja linalosema kitu kuhusu jiwe lenyewe. Wenyeji waliyajua maji ya hapo kwa ulimi, wakapaita mahali hapo Maji ya Chumvi. Waliokuja baadaye na nyundo na lenzi walikuta jina limeshawekwa, wakalitia kwenye ramani ya miamba bila kubadilisha herufi. Hadi leo anayetaka kuchimba kisima kwenye tabaka hilo ana haki ya kushuku ladha ya maji kabla ya kulipia mita ya kwanza. Jina limekwisha kumwonya.